Kabla ya Kumhukumu Mzazi Aliyeiuliza Mashine

Mwezi Juni 2025, Sam Altman, mkuu wa kampuni ya OpenAI, alizungumza katika podikasti ya kampuni yake kuhusu mtoto wake wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miezi michache. Alisema hajui angewezaje kumlea bila ChatGPT. Kauli ikasambaa na hukumu ikafuata: huyu ni baba aliyemkabidhi mwanawe kwa mashine. Nilipoijadili na wanafunzi wangu, wengi waliirudia hukumu hiyo kwa uhakika. Waliokuwa wamesikiliza mazungumzo yenyewe walikuwa wachache.

Haki ya msemaji huanza kwa kuisoma kauli yake nzima. Altman alikiri papo hapo kwamba binadamu wamelea watoto tangu enzi na enzi bila chombo hicho. Alieleza kuwa alikitumia kuuliza maswali, hasa katika wiki za mwanzo. Katika mazungumzo hayohayo alishangaa kwamba watu wanakiamini mno, ilhali akili mnemba huzua mambo. Kuuliza si ujinga, na kuuliza si kukabidhi.

Wala mzazi wa Marekani hakuanza leo kutafuta ushauri nje ya nyumba yake. Mwaka 1914 Idara ya Watoto ya serikali ya nchi hiyo ilichapisha kijitabu cha malezi ya watoto wachanga, na akina mama wakaiandikia barua kwa maelfu. Mwaka 1928 mwanasaikolojia John B. Watson aliwaonya wazazi dhidi ya kuwabusu na kuwapakata watoto wao. Mwaka 1946 daktari Benjamin Spock akaja na ujumbe mwingine: mzazi ajiamini na amwoneshe mtoto upendo.

Kisa cha Spock kinatufaa kwa sababu mbili. Kwanza, naye alisomwa nusu. Alipopinga Vita vya Vietnam, wakosoaji, akiwemo mhubiri Norman Vincent Peale, walimlaumu kwa kulea kizazi kilichodekezwa. Hawakujali kwamba katika toleo la pili la kitabu chake alikuwa amesisitiza kuwa mzazi anapaswa kuwa na msimamo.

Pili, Spock alikosea kweli, na katika jambo zito. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 kitabu chake kilishauri mtoto mchanga alazwe kifudifudi, ili akitapika asipaliwe. Ushauri huo, ambao madaktari wengine pia waliutoa, uliongeza hatari ya vifo vya ghafla usingizini. Tathmini ya kitabibu iliyochapishwa mwaka 2005 ilionesha kuwa ushahidi dhidi yake ungeweza kutambuliwa tangu mwaka 1970. Hata hivyo, madaktari wa watoto wa Marekani walipendekeza rasmi kuachana na kulaza kifudifudi mwaka 1992, na kampeni ya kitaifa ya kuwalaza watoto chali ikaanza mwaka 1994. Katika miaka iliyofuata, vifo hivyo vilipungua kwa takribani nusu.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Kosa la Spock lilichelewa kusahihishwa, lakini lilikuwa limechapishwa. Lilikuwa na ukurasa, toleo na jina la mwandishi, na yeyote aliweza kulinyooshea kidole. Jibu ambalo programu ya mazungumzo humpa mama saa nane za usiku halina toleo. Huonwa na mama huyo peke yake, na jirani yake akiuliza swali lilelile huenda akapewa jibu tofauti. Likimdhuru mtoto, mtafiti atalipata wapi, na nani atawajibika?

Basi tumtendee Altman haki kama baba: hakusema aliyosingiziwa. Lakini haki hiyohiyo inatutaka tukumbuke kwamba baba huyo ndiye muuzaji wa chombo anachokisifu. Mkulima akisifu mhogo wake sokoni, hatumwiti mwongo, twauonja kwanza.

Kwa hiyo, badala ya kumcheka mzazi aliyeuliza, tumwulize mwenye mashine: majibu yenu kuhusu watoto hukaguliwa na nani, na yakikosewa husahihishwa hadharani kwa njia gani? Watumishi wa umma walio miongoni mwetu wana mamlaka ya kuliuliza swali hilo kwa maandishi.