Barabara za Changarawe Baina ya Nzoia na Ziwa

Miaka ya karibuni watu wa mijini wameipenda barabara ya changarawe. Hununua baiskeli nyepesi zenye usukani uliopinda na tairi pana kiasi, wakaziacha barabara za lami na malori yake, wakaingia mashambani kwa raha zao. Tangu 2021 eneo la Maasai Mara limekuwa na mashindano ya aina hiyo, Migration Gravel Race. Mkenya Suleiman Kangangi, mmoja wa waliouinua mchezo huu katika Afrika Mashariki, alifariki dunia Agosti 2022 akishindana katika jimbo la Vermont, Marekani. Mchezo ni mzuri, na sina neno juu yake. Hata hivyo, anayetaka kuendesha baiskeli katika changarawe ya magharibi mwa Kenya, baina ya mto Nzoia, mto Sio na ziwa Victoria, yafaa ajue kwanza anapita juu ya nini. Barabara zile hazikuchorwa kwa ajili ya baiskeli. Nyingi zilifunguliwa kwa sababu ya mzigo wa mtu mwingine, kisha wenyeji wakazigeuza kuwa zao kwa magurudumu mawili.

Tuanze safari Mumias. Kabla ya reli, mji huu ulikuwa makao ya Nabongo Mumia, mtawala wa Wanga, na misafara ya Waswahili na Waarabu ilifika hapo kutafuta pembe za ndovu na kupumzika. Joseph Thomson alipita 1883. Askofu James Hannington alipita 1885 akielekea Uganda, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Katika miaka ya 1890 Waingereza walikata barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka pwani hadi pande hizi, na Kapteni Sclater ndiye aliyeisimamia sehemu kubwa ya kazi hiyo. Haikupata umri mrefu wa kutawala. Desemba 1901 reli ilifika ziwani Kisumu, na biashara ikahamia huko. Mwaka uliofuata, 1902, nchi yote hii ilitolewa katika himaya ya Uganda ikatiwa katika ile ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya. Mumias, uliokuwa lango, ukawa pembeni. Lakini Uislamu ulioletwa na misafara ulibaki, na njia nazo zikabaki.

Kubaki kwa njia kulihitaji mikono. Sheria ya 1912 iliwapa machifu uwezo wa kuwaita watu kufanya kazi za jumuiya, na kutengeneza barabara ilikuwa mojawapo. Watu walilima nyasi, wakachimba mitaro, wakajaza mashimo ya barabara ambayo wao wenyewe hawakuwa na gari la kupitisha. Mwendeshaji akivuka Nzoia kuelekea kusini ataingia Gem, na humo ndimo ilimo Lundha. Hapo Desemba 1921 palifanyika mkutano mkubwa uliozaa chama cha Young Kavirondo Association, na miongoni mwa malalamiko yake yalikuwa kodi, kipande na kazi za kulazimishwa. Kwa hiyo mtu akisema kwamba barabara ya murram ni kitu cha asili, kama kilima au mto, amewasahau waliotoa jasho bila kuulizwa.

Turudi kaskazini, tushuke upande wa magharibi hadi mpakani Busia. Mpaka uliwagawa ndugu: Wasamia wako Kenya na wako Uganda, na katika sehemu zake za chini mto Sio ndio unaotenganisha nchi mbili. Hapa ndipo baiskeli ilipopata jina lake jipya. Baina ya lango la Kenya na lango la Uganda palikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili, na msafiri aliyeshuka kwenye basi hakuwa na chombo cha kumvusha pamoja na mizigo yake. Katika miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli waliiona nafasi hiyo. Walifunga kiti cha sponji juu ya keria, wakaita abiria kwa maneno ya Kiingereza ya kutoka mpaka hadi mpaka, ambayo midomo ya watu iliyageuza kuwa bodaboda. Malaba, ambako malango yako karibu sana, biashara hiyo haikuwa na sababu ya kuzaliwa.

Si kila baiskeli ilipitia langoni. Wakati wa utawala wa Idi Amin, bidhaa ziliadimika Uganda, na baada ya jalidi kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 bei ya kahawa ilipanda duniani kote. Kahawa ya Uganda ikavushwa usiku kwa njia za panya, na sabuni, chumvi na sukari zikarudi upande wa pili. Magendo hayo yaliwatajirisha wachache na kuwaponza wengi. Vijia vingi vinavyompendeza leo mwendeshaji wa mchezo, kwa kuwa vimejificha na havina magari, vilipendwa zamani kwa sababu hiyo hiyo.

Kutoka Busia changarawe huteremka kupita vilima vya Samia hadi Sio Port, kisha Port Victoria. Huku mzigo ni samaki. Sangara, ambaye huku huitwa mbuta, alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshika ziwa. Viwanda vya minofu vilileta malori ya barafu. Minofu ikaenda Ulaya, na mifupa yenye nyama kidogo, ile tuiitayo mgongo wazi, ikabaki kwa wenye mfuko mwepesi. Lori lilibeba minofu. Baiskeli ilibeba mgongo wazi na omena hadi masoko ya ndani ambako lori halikuona faida ya kwenda. Mara nyingi mwenye samaki alikuwa mwanamke, na mwenye baiskeli mwanamume aliyelipwa. Hata uhuru wa magurudumu mawili haukugawanywa sawasawa.

Kusini mwa Port Victoria, Nzoia hulifikia ziwa baada ya safari ya kilomita 257 kutoka milima ya Cherangani. Bunyala ni nchi tambarare, na mto ukijaa huihama njia yake. Matuta ya udongo yalijengwa kuuzuia, na juu ya matuta hayo watu hupita kwa miguu na kwa baiskeli. Lakini mafuriko ya 2008, 2011 na 2020 yaliwatoa watu makwao. Nalo daraja la Sigiri liliporomoka Juni 2017 likiwa bado linajengwa. Mahali kama hapa baiskeli ina sifa moja ambayo gari halina: maji yakikata barabara, mtu huiweka baiskeli begani au mtumbwini, akaendelea.

Baada ya uhuru barabara hizi zilipata bahati kidogo. Mwaka 1974 Kenya ilianzisha mpango wa barabara za vijijini uliotumia nguvu za mikono badala ya mashine kubwa, na safari hii wachimbaji, wengi wao majirani wa barabara yenyewe, walilipwa ujira. Maelfu ya kilomita yalifunguliwa nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ushuru wa baiskeli ulipunguzwa, na zile nyeusi nzito kutoka India na China, maarufu kwa jina la Black Mamba, zikajaa vijijini. Huo ulikuwa wakati wa neema wa baiskeli. Kisha, miaka ishirini baadaye, pikipiki za bei nafuu ziliingia, zikalichukua jina la bodaboda pamoja na abiria wake.

Sasa lami inaenea. Siilaumu, kwa maana mama mjamzito akipelekwa hospitali usiku wa mvua hataki kusikia sifa za changarawe. Lakini changarawe ilikuwa na haki yake: iliwalazimisha wote kwenda polepole, mwenye gari na mwenye baiskeli. Lami humpa mwenye gari mbio, na mwenye gunia la mkaa kwenye keria husukumwa ukingoni, mara nyingi pasipo na ukingo. Barabara aliyoilima babu yake bila malipo inakuwa hatari kwake siku inapopendeza.

Ndiyo maana nauona ujio wa waendeshaji wa mchezo kuwa ni fursa. Wana sauti, wanasikilizwa maofisini. Wakiomba njia ya baiskeli kando ya kila barabara inayotiwa lami baina ya Nzoia na ziwa, wasiiombe kwa ajili ya matembezi ya Jumamosi peke yake. Waiombe pia kwa ajili ya yule watakayempita kilimani Samia asubuhi, anayesukuma baiskeli yake kwa miguu kwa sababu samaki ni wazito na soko linafunguliwa mapema.