Mama Kafika Kituoni

Leader Stirling alifika Masasi mwaka 1935. Alikuwa daktari Mwingereza wa misheni ya UMCA, hajatimiza hata miaka thelathini, na kituo chake kilikuwa Lulindi: hospitali ya kuta za udongo na paa la nyasi. Miaka arobaini baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Kitabu chake cha kumbukumbu, Tanzanian Doctor, kilitoka mwaka 1977 akiwa bado kwenye kiti hicho. Kwa anayependa kumbukumbu za maisha ni kitabu cha kutafutwa, ingawa kukipata siku hizi ni shughuli pevu.

Nimesoma vitabu kadhaa vya madaktari wa misheni, wa huku na wa kwingine Afrika, na mwendo wao unafanana. Mama analetwa kwa machela. Uchungu una siku ya pili au ya tatu. Daktari anawasha chemli, anapasua, na Mungu akipenda wote wawili wanapona. Msomaji unashusha pumzi. Lakini ukishavisoma vingi unaanza kujiuliza swali ambalo vyenyewe havina haraka nalo: kwa nini huyu mama kafika siku ya tatu?

Jibu la kawaida, tangu enzi hizo mpaka semina za juzijuzi, ni mila. Wamakonde, Wamakua na Wayao wana mambo yao, makungwi wamewashika mabinti, mkunga wa jadi kachelewesha. Basi elimu itolewe. Kwa karibu miaka mia, wataalamu wengi waliofika Masasi na Newala walikuja na kazi ya kumbadilisha mama. Mimi nadhani muda mwingi tulimkazania mtu ambaye hakuwa tatizo kubwa, na ushahidi mzuri wa jambo hilo umetoka hukohuko kusini.

Turudi nyuma kidogo. UMCA walianza Masasi mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowapeleka watu waliokombolewa utumwani wakaweka makazi pale. Wabenediktini wa Kijerumani nao walifungua misheni ya Ndanda mwaka 1906. Miaka ya 1920 huko Ndanda alikuja sista aliyekuwa daktari kamili, Thekla Stinnesbeck. UMCA walikuwa na daktari wao mwanamke, Frances Taylor. Serikali ya kikoloni ya Waingereza, kwa upande wake, iliwaachia misheni sehemu kubwa ya kazi ya mama na mtoto. Ndiyo maana ukitafuta historia ya uzazi wa kusini unajikuta unasoma historia ya kanisa, upende usipende.

Na kanisa la Masasi lilikuwa na vituko vyake. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo kuanzia mwaka 1926, badala ya kupiga marufuku jando aliliingiza kanisani, likawa na sala na msalaba. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, ameliandikia jambo hili makala ambayo hadi leo inasomwa. Kwa wavulana mambo yalikwenda. Kwa wasichana yalikuwa magumu zaidi, na sababu unaweza kuikisia: mafunzo yao yalihusu mwili, damu, mimba na kuzaa, na hayo yalikuwa mali ya wanawake wazima. Askofu, hata awe mpole vipi, alikuwa mwanaume.

Mimi mwenyewe nimeonja kidogo ya dawa hiyo. Nilipokuwa Masasi nilipita kata ya Lisekese kumsalimia bibi mmoja aliyezaliwa na kuolewa vijiji vya juu, upande wa Newala, akashuka mjini uzeeni kukaa na mwanawe. Baada ya shikamoo na habari za safari nikamwomba anisimulie walivyokuwa wakijifungua zamani. Akacheka hadi akafuta machozi.

"Mjukuu wangu, hayo siyo ya kwako. Ukiyataka sana, mlete mkeo."

Nikamwambia sina mke. Akasema basi nina kazi mbili. Lakini alikubali kuzungumzia yale ya nje ya chumba: njia na maji. Wao hawakuikataa hospitali, alisema. Hospitali ilikuwa chini, wao walikuwa juu, na uchungu hauulizi kama ni usiku. "Na maji," akasema, "yalikuwa yale ya kwenye mtungi. Yakiisha, yameisha."

Asiyeifahamu ile nchi anaweza kupita juu ya maneno hayo. Uwanda wa juu wa Makonde ni mchanga unaomeza mvua. Mito hakuna, na visima vya kawaida havifiki. Karl Weule, Mjerumani mtaalamu wa mila aliyekaa Newala mwaka 1906, aliwakuta wanawake wakiteremka genge hadi bondeni na kurudi na mitungi kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na bado leo watu wengi wa huko wanakinga maji ya mvua bati hadi kisimani, kiangazi wananunua kwa ndoo. Halafu anakuja mtu na bango: nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni kabla ya kumpokea mtoto. Sawa. Tiririka kutoka wapi?

Sasa nije kwenye utafiti, ambao ndio hasa ulionifanya niandike. Kuanzia miaka ya 2000, Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na wenzao wa chuo cha tiba cha London walifanya Lindi na Mtwara kuwa moja ya sehemu zilizochunguzwa kwa kina zaidi nchini kwa habari ya mama na mtoto mchanga. Mwifadhi Mrisho na wenzake walikaa na wanawake, wakasikiliza. Wakaandika kwamba mimba changa hufichwa, kwamba kuandaa vitu vya mtoto hadharani ni kujitafutia mabaya, kwamba uchungu ukichelewa mama anaweza kushukiwa kuwa ametoka nje ya ndoa, na kwamba ule utando mweupe anaozaliwa nao mtoto huonekana ni uchafu, kwa hiyo anaogeshwa papo hapo hata kama baridi inamuua. Kwa hiyo mila zipo. Sisemi hazipo.

Lakini wakahesabu pia. Mwaka 2007 walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya tano, Newala na Tandahimba zikiwemo, kaya zaidi ya 200,000. Vifo vilivyotokana moja kwa moja na uzazi, kwa wanawake walioishi ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali, vilikuwa 111 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa walioishi mbali zaidi ya kilomita 35 vilikuwa 422. Hao ni watu wa unyago uleule na bibi walewale. Kinachowatenganisha ni barabara. Na kilichoongoza kuua kilikuwa kutoka damu, jambo ambalo linaweza kummaliza mwanamke mzima ndani ya saa mbili, wakati bodaboda bado inatafutwa.

Mwaka 2010 wakaanza jaribio kubwa: Mtunze Mtoto Mchanga. Wilaya sita, Newala na Tandahimba zikiwemo tena. Wanawake wa vijijini zaidi ya 800, wa kujitolea, walifundishwa kuwatembelea wajawazito nyumbani, mara tatu kabla ya kujifungua na mara mbili baada ya hapo. Walibeba kadi za picha na mwanasesere wa kuonyeshea namna ya kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Ninavyoona mimi, hakuna kazi ya aina hiyo iliyoandaliwa kwa heshima zaidi. Lugha ilikuwa ya kwao, waliokuja walikuwa majirani, na nyumba zilifunguliwa.

Akina mama walisikia. Walioanza kunyonyesha ndani ya saa moja waliongezeka kuliko kwenye kata ambazo hazikutembelewa. Usafi kwa waliojifungulia nyumbani ulipanda. Na kwa jumla, kote kote, wanawake wa kusini walikuwa wameanza kwenda vituoni: mwaka 2007 waliojifungulia kituoni hawakufika nusu, mwaka 2013 walikuwa ndio wengi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Vifo vya watoto wachanga havikupungua. Kata zilizotembelewa na zile ambazo hazikutembelewa zilikuwa palepale.

Mara ya kwanza kuyasoma nilikasirika, kama vile mtu kanidanganya. Baadaye nikaona kwamba hii ni moja ya taarifa za kweli kabisa kuandikwa kuhusu kusini. Wangeweza kusifia unyonyeshaji wakanyamaza kuhusu makaburi. Hawakunyamaza. Waliandika wazi kwamba mama amefanya alichoambiwa, mtoto bado anakufa, na kwa hiyo kuna kitu kinakosekana huko alikoambiwa aende.

Anaambiwa aende zahanati, kwa mfano. Anafika. Muuguzi ni mmoja, na jana usiku hakulala. Mtoto anatoka halii. Anayejua kazi ana kama dakika moja ya kumkausha, kumsugua mgongo, na asipopumua kumpa pumzi kwa ule mpira na barakoa ndogo. Kama mpira haupo, au upo kabatini na ufunguo kaondoka nao mganga mfawidhi, ile dakika imekwisha. Mama huyu hakuchelewa. Hajashikwa na kungwi yeyote. Yuko juu ya kitanda cha serikali.

Watafiti hao hawakuishia hapo. Kati ya 2011 na 2014 walijaribu njia nyingine Tandahimba, Newala ikiachwa kama kipimo cha kulinganishia. Safari hii waliowekwa kwenye mizani ni wahudumu pia: timu za vituo na za vijiji zilichagua tatizo moja moja, zikapima zenyewe kila mwezi, zikakutana kuambiana kilichofanya kazi. Moja ya mambo yaliyobadilika waziwazi ni sindano ya kuzuia damu, kuchomwa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Dakika moja na sindano moja, kwa mwanamke aliyekwisha fika.

Mtu anaweza kusema hili ni jipya. Siyo. Mfano ninaoupenda zaidi uko pembe nyingine ya nchi, Kigoma. Huko daktari bingwa wa uzazi, Godfrey Mbaruku, alianza miaka ya 1980 kuchunguza kwa nini akina mama wanafia hospitalini kwake. Majibu yalikuwa ya aibu na ya kawaida: vifaa vimeharibika, damu haipo, dawa haipo, watumishi wamekata tamaa. Akafanya marekebisho 22, mengi ya bei ndogo, kwa watu na vitu vilivyokuwepo. Kufikia 1991 vifo vya wajawazito katika hospitali ile vilikuwa vimeshuka kutoka 933 hadi 186 kwa vizazi hai 100,000. Huyu alianza na hospitali. Mbaruku alifariki mwaka 2018, na mitaani ukitaja jina lake watu wanakuuliza ni mchezaji wa timu gani.

Hesabu za taifa zinasema jambo lilelile kwa sauti ya chini. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 63 ya vizazi vinatokea vituoni. Ule wa 2022 ukakuta 81. Kwa akina mama, vifo vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa vizazi hai 100,000, na hata ukiwa mgumu wa kuamini takwimu, hapo kuna jambo limefanyika. Watoto wachanga, katika mwezi wao wa kwanza: kutoka 25 kwa kila 1,000 hadi 24. Mama anafika na sasa anapona zaidi. Mtoto amebaki nyuma kwa sababu anahitaji vitu ambavyo havikuwahi kununuliwa kwa wingi: joto, hewa, na mtu wa kumwangalia njiti usiku kucha.

Tangu 2024 kuna utaratibu wa madaktari bingwa wanaotumwa na Wizara kwenye hospitali za halmashauri kwa siku kadhaa, wakiwemo wa uzazi na wa watoto. Wanatibu, na wanafundisha wenyeji wakiwa kazini. Nimeona foleni zao. Watu wanatoka usiku wa manane kuwahi namba. Ni jambo zuri, nalisema bila kinyongo. Wiki ikiisha wanapanda gari.

Anayebaki ni yule muuguzi wa zahanati, na sindano yake. Oksitosini inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 za ubaridi, ikipata joto muda mrefu inapungua nguvu, na kwa macho huwezi kuijua. Chupa ni ileile, maji yake meupe vilevile. Kwa hiyo ukipita zahanati yoyote ya huko juu, kabla hujauliza habari za mila, omba kuonyeshwa friji, na uulize umeme ulirudi saa ngapi.