Kabla ya Kigali Kulikuwa na Langa Langa

Desemba 13, 2024, katika mkutano mkuu wa Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) mjini Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza rasmi kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula 1. Ukisimama kwenye vilima vya magharibi mwa Karagwe au Kyerwa, Tanzania, Rwanda ni hapo tu, ng'ambo ya Mto Kagera. Habari iliyozunguka dunia nzima, huku ni habari ya jirani.

Njia inayokusudiwa itajengwa karibu na uwanja mpya wa ndege wa Bugesera, na mchoraji ni Alexander Wurz, dereva wa zamani kutoka Austria. Formula 1 haijakanyaga Afrika tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Nyuma zaidi, mwaka 1958, Morocco ilifunga barabara za kawaida za Ain-Diab, Casablanca, ili magari ya Formula 1 yashindane. Mwingereza Stuart Lewis-Evans aliungua katika mbio hizo na akafariki siku chache baadaye.

Wanaobishana leo kama ni halali kumwaga fedha kwenye njia ya kuzunguka huenda hawajui kwamba ubishi huo Afrika Mashariki ilishaumaliza zamani, tena baina ya ndugu wawili.

Kwa mujibu wa simulizi ambayo waandishi wa mbio za Safari hawachoki kuirudia, mwanzoni mwa miaka ya 1950 Eric Cecil wa Nairobi alimwomba binamu yake, Neil Vincent, ashindane Langa Langa, njia ya mbio iliyokuwa upande wa Nakuru. Vincent alikataa katakata. Kwake hakukuwa na kitu cha kuchosha kama kuzunguka kipande kilekile cha barabara. Akamwambia Cecil aandae shindano ambalo mtu anaingia garini, anabamiza mlango, anakata nusu ya Afrika na kurudi, na anayefika wa kwanza ndiye mshindi. Hapo naye atakuwamo. Cecil angeweza kununa. Badala yake aliyachukua maneno hayo kama kazi aliyopewa.

Mei 27, 1953, magari yaliondoka kupita Kenya, Uganda na Tanganyika katika shindano lililoadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa mbio za Safari.

Yalikuwa magari gani? Hapa ndipo penye utamu. Yalikuwa magari ya dukani, yaleyale ya mwalimu na karani, na makundi yake yalipangwa kwa bei, si kwa ukubwa wa injini. Mwenye gari la bei ndogo alipimwa na wenzake wa bei ndogo. Aliyefanya vizuri kuliko wote mwaka ule, Alan Dix, aliendesha Volkswagen ndogo. Formula 1 ilihitaji miaka karibu sabini zaidi kuweka kikomo cha matumizi: dola milioni 145 kwa kila timu mwaka 2021, baada ya janga la korona kutikisa mifuko yao. Na mwaka huohuo wa kwanza timu ya Red Bull ilikivuka, ikatozwa faini ya dola milioni 7.

Safari ilikuwa ya watu kwa sababu nyingine pia. Ilipita mlangoni mwao. Mama aliyetoka shambani alisimama kando ya barabara, matope ya masika yakamrukia kanga, na hakuna aliyemdai tiketi. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza saba tena. Joginder Singh, fundi wa Kenya, alishinda mara tatu. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mara tano.

Na Tanzania? Mwaka 1972 mbio zilianzia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kuzishinda. Miaka miwili baadaye njia yote ilibaki Kenya. Tangu hapo tumeiacha historia hii isimuliwe kana kwamba hatukuwamo, na hilo ni kosa letu wenyewe. Safari ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 na ikarejea Naivasha mwaka 2021.

Magari ya Bugesera yatakapowashwa, kama yatawashwa, Karagwe na Kyerwa zina cha kuonyesha wageni: hifadhi za taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizotangazwa mwaka 2019, na lami ya Kyaka hadi Bugene iliyozinduliwa mwaka 2017. Lakini ipo kazi isiyosubiri Kigali. Mtoto wa miaka kumi aliyebebwa mabegani Dar es Salaam ili aione Ford Escort ya Mikkola sasa amevuka sitini. Wanahabari wetu wamfuate na kinasa sauti akiwa bado anakumbuka mlio wa gari hilo.