Saizi ya Fremu: Ishirini na Nane Haijibu Kitu

Ukiingia duka la baiskeli Kigoma, Mbeya au Mombasa, swali la kwanza la muuzaji ni namba: ishirini na sita au ishirini na nane? Mnunuzi hujibu, pesa hutoka, na wote wawili huamini kuwa saizi imeshachaguliwa. Kumbe kilichochaguliwa ni gurudumu. Hiyo 28 ni kipenyo cha tairi kwa inchi, na kwenye zile baiskeli nyeusi za zamani rimu yake ina kipenyo cha milimita 635. Kuhusu fremu haisemi neno. Baiskeli mbili za 28 zinaweza kuwa moja na fremu ya inchi 22 na nyingine ya inchi 24, na mtu mfupi akipewa hiyo ya pili atakuwa anaitafuta pedali kwa ncha za vidole. Watoto wetu walishalimaliza tatizo hilo kitambo: hupitisha mguu chini ya bomba la juu wakaendesha upandeupande.

Saizi ya fremu, kwa maana yake ya awali, ni urefu wa bomba la kiti, kuanzia katikati ya ekseli ya krenki kwenda juu. Wako wanaoishia kwenye ncha ya bomba, na wako wanaoishia katikati ya maungio yake na bomba la juu, kwa hiyo fremu ileile huweza kuitwa ya sentimita 52 hapa na 54 pale. Zamani haikusumbua sana, maana bomba la juu lilikuwa limelala sawa na ardhi. Siku hizi linateremka kuelekea kwenye kiti, bomba la kiti limefupishwa, na ile namba imebaki jina tu.

Ndiyo maana watengenezaji hutoa vipimo viwili zaidi, ambavyo kwa Kiswahili napendekeza tuviite kimo na mfiko. Kimo cha fremu hupimwa wima, kutoka usawa wa ekseli ya krenki hadi mdomo wa juu wa bomba la usukani. Mfiko hupimwa mlalo, kutoka ekseli hiyo kwenda mbele hadi chini ya mdomo uleule. "Urefu" hautufai hapa kwa sababu hauchagui upande: mnazi ni mrefu, na barabara nayo ni ndefu. Fundi akimwambia mteja fremu hii ni ndefu kwake, mteja hawezi kujua kama kinachomshinda ni miguu au mikono.

Tofauti hiyo hujitokeza wazi kwenye saiklokrosi, mbio za tope na vizuizi ambazo ubingwa wake wa kwanza wa dunia ulifanyika Paris mwaka 1950 na Jean Robic wa Ufaransa akashinda. Tairi haziruhusiwi kuzidi upana wa milimita 33, na mshindani hushuka mara kwa mara, akapitisha mkono ndani ya pembetatu ya fremu, akaitwika begani na kukimbia.

Kazi hiyo, bila medali, ndiyo inayomkabili mwenye baiskeli anayekwenda Chisenga, wilayani Nchelenge, Zambia, kule Mto Luapula unakoingia Ziwa Mweru. Chisenga ni kisiwa, kwa hiyo baiskeli, au kinga kama wasemavyo Waswahili wa upande wa Kongo, lazima ibebwe hadi mtumbwini na kuteremshwa ng'ambo. Fremu kubwa hugonga goti kila hatua. Ikiwa ndogo mno, pembetatu hubana na bega halipiti.

Zambia ina jibu moja maarufu la suala la saizi: Buffalo, baiskeli ya chuma ya shirika la World Bicycle Relief, yenye keria ya kubeba hadi kilo 100. Fremu yake ni ya saizi moja. Anayepanda hurekebisha kiti tu. Kwa baiskeli ya mzigo jibu hilo linatosha, kwani mwendeshaji hukaa wima na mfiko haumsumbui. Kwa saiklokrosi halitoshi hata kidogo. Usukani wake uliopinda kwenda chini humvuta mtu mbele, na kiti kinaweza kupanda na kushuka utakavyo bila kuirefusha mikono.

Kabla ya kuagiza, vua viatu, simama mgongo ukiwa ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja ukipandishe hadi msambani, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wake wa juu. Zidisha kwa 0.67. Mwenye sentimita 80 atapata kama 53.6, hesabu ya kale ya fremu ya barabarani yenye bomba la juu lililolala. Kwa saiklokrosi punguza sentimita moja au mbili, kisha linganisha kimo na mfiko vya baiskeli unayoitaka na vya ile unayoiendesha bila maumivu. Ukisimama juu yake, kati ya msamba na bomba la juu zibaki sentimita chache, maana kwenye tope utashuka bila kujipanga.

Ukikwama kati ya saizi mbili, chukua ndogo. Stemu, kile kipande kinachoushika usukani, ikiwa fupi hubadilishwa kwa kununua nyingine ndefu zaidi, lakini fremu iliyozidi haipunguziki.