Mavazi ya Wazamiaji Kati ya Delta ya Rufiji na Mafia

Bahari iliyo mbele ya delta ya Rufiji, ambayo kwa sehemu kubwa leo imo katika wilaya ya Kibiti na kutazamana na kisiwa cha Mafia, haijawahi kuhesabiwa kuwa bahari ya baridi, lakini wala joto lake si moja mwaka mzima. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, maji ya juu hufikia nyuzijoto 29 au 30 za Selsiasi, na kusi inapokaza, kati ya Julai na Septemba, hushuka hadi 24 au 25. Tofauti hiyo ni ndogo kwa anayeoga ufukoni, ila ni kubwa kwa anayekaa chini saa nzima, kwa kuwa maji huuondolea mwili joto kwa kasi inayokaribia mara 25 ya ile ya hewa, hata maji ya nyuzi 28 yakaweza kumtetemesha mtu aliyedumu humo. Hata hivyo, anayefuatilia mavazi ya wazamiaji wa upande huu ataona kwamba baridi ilikuja nyuma katika orodha ya vitu vilivyowafanya wajifunike.

Mvuvi aliyezamia kwa pumzi moja kutafuta kamba kochi, makombe au jongoo bahari hakuhitaji zaidi ya nguo iliyofungwa kiunoni, kwa sababu kila baada ya dakika moja au mbili alirudi juu juani, na kwa sababu aliichagua siku yake. Majira ya maleleji, yaani kipindi cha utulivu kinachotenganisha kusi na kaskazi, yalimpa maji maangavu na bahari iliyolala, ilhali kusi kali ilimletea mawimbi na maji yaliyovurugika kabla hata ya kumletea baridi. Kalenda ya pepo ilimtimizia kazi ambayo baadaye ilikabidhiwa vazi.

Mfano ulio wazi zaidi wa vazi lenyewe unapatikana katika Ghuba ya Uajemi, ambako uzamiaji wa lulu katika karne ya 19 ulitegemea kwa kiasi kikubwa nguvu za watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki, wakiwamo waliopitishwa katika masoko ya Kilwa, kusini ya delta. Huko msimu mkuu ulikuwa wa kiangazi, maji yakizidi nyuzi 30, kwa kuwa majira ya baridi yalifanya kazi hiyo isivumilike, na bado wazamiaji walivaa suti nyembamba ya pamba iliyofunika mwili mzima pale konyeza walipokuwa wengi. Pamba iliyolowa haihifadhi joto hata kidogo. Ilivaliwa kwa ajili ya sumu ya konyeza, na hilo ndilo jambo ambalo maelezo mengi ya kisasa kuhusu mavazi ya kuzamia, yaliyoandikwa kwa watu wa bahari baridi, hulisahau.

Uzamiaji wa aina nyingine kabisa uliingia ndani ya delta kwa sababu ya vita. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika vijito vya Rufiji hadi iliposhambuliwa na Severn na Mersey, meli za mizinga zenye kina kifupi zilizoweza kupanda mto, na tarehe 11 Julai 1915 nahodha Max Looff akaamuru izamishwe na mabaharia wake wenyewe. Kwa kuwa mto haukuwa na kina, mizinga yake 10 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kutiwa magurudumu na kuendelea na vita vya nchi kavu. Mwaka 1924 John Ingle, yule yule aliyekuwa nahodha wa Pegasus, alinunua haki ya kuyachambua mabaki kwa pauni 200, akatuma wazamiaji waopoe metali zenye thamani, kisha akaiuza haki hiyo kwa wengine. Ni vigumu kupata kisasi cha baharini kilichokuwa na subira kama hiyo. Uopoaji uliendelea kwa vipindi hadi miaka ya 1960, na mwaka 1966 mabaki yalibomoka na kuzama katika tope la mto.

Vazi la kazi za namna hiyo zama hizo lilikuwa lile lililokamilishwa na Augustus Siebe huko London katika miaka ya 1830: suti ya turubai iliyopakwa mpira katikati, iliyounganishwa na kofia ya shaba yenye vioo, hewa ikisukumwa kwa pampu kutoka mashuani na viatu vya risasi vikimshikilia mzamiaji chini, jumla ya uzito ikikaribia kilo 80. Suti hiyo ilizuia maji yasiguse mwili, na joto lilitokana na nguo za sufu zilizovaliwa ndani, ambazo katika mto wa kitropiki zilikuwa mzigo kuliko faida. Mzamiaji aliyekaa mashuani akisubiri zamu yake amefungwa kofia chini ya jua la Rufiji alikuwa katika hatari ya joto, si ya baridi, na akishashuka katika maji ya tope alifanya kazi kwa kupapasa.

Mabadiliko makubwa yalitokea mbali na pwani hii. Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, alitambua mnamo 1951 kwamba wazamiaji wa jeshi la majini la Marekani hawakulazimika kubaki wakavu ili wapate joto, mradi vazi lenyewe liwe na viputo vya gesi vinavyozuia joto lisipite. Kwa ushauri wa mwenzake Willard Bascom alitumia povu la neoprini, mpira wa kutengenezwa uliobuniwa na kampuni ya DuPont mwaka 1930. Maji machache huingia kwenye shingo na vifundo, hukaa kati ya ngozi na mpira, na hupashwa joto na mwili. Suti ikipwaya, kila mkono unapoinuliwa maji hayo hutoka na mengine ya baridi huingia mgongoni, na hapo unene wa mpira haumsaidii mvaaji. Udhaifu wa pili ni mgandamizo, ambao katika mita 10 ni mara mbili ya ule wa juu na katika mita 30 mara nne, ukivibana viputo hata suti inayomweka mtu vizuri karibu na uso wa maji ikawa nyembamba na dhaifu kule chini, huku mikanda ya risasi iliyovaliwa ili kushinda wepesi wake ikizidi kumvuta.

Katika maji ya Mafia, ambayo yalipata hifadhi ya bahari mwaka 1995 na ambako wageni huzamia ghuba ya Chole na kuogelea na papa potwe karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, suti ya milimita 3 inatosha kwa miezi ya kaskazi, na wengi huvaa fupi au nguo nyembamba ya kukinga jua na matumbawe. Kusi ikiingia, anayezamia mara 2 au 3 kwa siku anahitaji milimita 5, kwa sababu joto lililopotea katika mzamio wa kwanza halirudi lote kabla ya wa pili. Kwa sababu hiyo hiyo si ajabu kumkuta kiongozi wa wazamiaji, aliye majini kila siku, amevaa nene kuliko mgeni aliyetoka Ulaya. Suti ya milimita 7, iliyokusudiwa maji ya nyuzi 15 hadi 20, haina kazi huku, na anayekuja nayo atalipia wepesi wake kwa risasi za ziada kiunoni.