Umbali wa Chuo Kikuu: Historia Yetu Inatufundisha Nini?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, swali lile lile huingia nyumbani mwetu: je, mtoto asome hapa karibu, au aende mbali? Huwa tunalijadili kama jambo la pesa na usalama tu. Lakini historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba kwa muda mrefu vijana wengi hawakuulizwa swali hilo, wengine waliwaamulia.

Wakati wa ukoloni, Mkongo aliyetamani masomo ya juu alikuwa na njia moja karibu pekee, nayo ni seminari kubwa. Ndiyo iliyomlea Stefano Kaoze, aliyepewa upadri huko Baudouinville, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1917. Kwa walei mlango ulibaki umefungwa. Thomas Kanza alilazimika kuvuka bahari hadi Louvain, Ubelgiji, na kuhitimu huko mwaka 1956. Hatimaye Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, kile cha Elisabethville mwaka 1956, na cha Waprotestanti huko Stanleyville mwaka 1963. Kwa kijana wa Bukavu, Lovanium ilikuwa umbali wa kilomita 1,500 hivi kwa ndege.

Mnamo Juni 1969 askari waliwapiga risasi wanafunzi wa Lovanium walioandamana, na mwaka 1971 wengi wao wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Mwaka huo huo Serikali iliunganisha vyuo vyote vitatu kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, ili ivishike vema mkononi mwake, ikagawanya vitivo kati ya miji. Tangu hapo somo ndilo lililoamua umbali: aliyependa fasihi alikwenda Lubumbashi, aliyetaka sheria alikwenda Kinshasa, na aliyechagua ualimu na saikolojia alikwenda Kisangani.

Mpango huo, ingawa ulikuwa wa kushurutisha, ulizaa tunda jema. Mtoto wa Kinshasa alijifunza Kiswahili Lubumbashi; mtoto wa Kivu alijifunza Lingala Kinshasa; wakashiriki chumba kimoja na sahani moja. Hata hivyo, kukaa pamoja peke yake hakuleti undugu. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa katika chuo cha Lubumbashi, na jimbo alikotoka mtu likawa sababu ya kumshuku au kumwacha.

Wakati huo barabara zilikuwa zimeharibika, na tiketi ya ndege ilizishinda familia nyingi. Ndipo majimbo ya Kanisa na wenyeji walipoamua kujijengea. Mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben huko Butembo, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kikaanza mwaka huo huo. Wavulana na wasichana ambao wasingefika Kinshasa kamwe walipata shahada zao huku wakilala kwa wazazi. Hiyo ni haki iliyorudishwa, wala tusiidharau.

Lakini ina gharama yake. Leo kijana aweza kuhitimu bila kuishi hata mwezi mmoja na Mkongo wa lugha nyingine, kisha akakabidhiwa madaraka juu ya watu asiowafahamu.

Basi, mnapochagua, msipime kilomita tu. Kitivo mnachokihitaji kikiwa karibu na kina walimu wazuri, kubaki si aibu. Ila watafuteni wenzenu waliotoka mbali, na jifunzeni lugha zao. Mkienda mbali, msijifungie katika vyama vya watu wa kwenu tu, kwani mtakuwa mmesafiri bure. Jiulizeni katika vikundi vyenu: kati yetu, ni nani amepata rafiki wa kweli kutoka jimbo jingine, na alimpataje?