Zebaki, dhahabu na grafu iliyosubiri miaka 30

Leo naweka programu na seva kando kidogo, nataka tuzungumzie historia ya kemia. Usikimbie! Hata mimi kemia niliiaga kidato cha nne, na sikuilia. Lakini kisa hiki kinamhusu yeyote anayefanya kazi na data, na mwishoni kinapiga hodi hapa kwetu Nairobi.

Tuanze na bomba la maji la nyumbani kwako. Kama si la chuma, huenda ni la PVC. Plastiki hii hutokana na gesi iitwayo vinili kloridi, na kuna njia mbili kubwa za kuipata gesi hiyo. Njia ya kwanza huanza na mafuta. Ya pili huanza na makaa ya mawe, ambayo hutumiwa kutengeneza asetilini, ile gesi ambayo fundi wa jua kali huchomelea vyuma. Asetilini huunganishwa na gesi nyingine, haidrojeni kloridi, nayo vinili kloridi hupatikana.

Tatizo ni kwamba gesi hizi mbili haziungani vizuri zenyewe. Zinahitaji kichocheo. Kichocheo ni kama mshenga: anawakutanisha wawili, ndoa inafungwa, yeye anakwenda zake kutafuta wengine. Kwa miaka mingi mshenga wa kazi hii alikuwa kloridi ya zebaki iliyopakwa juu ya mkaa wenye vitundu vidogo vidogo. Kwa bei, hana mpinzani. Kwa tabia, ni balaa. Kwenye joto la mtambo zebaki hugeuka mvuke kidogo kidogo na kutoka, kichocheo kinachoka, na sumu inabaki duniani.

Sumu hiyo si hadithi. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilitumia zebaki kutengeneza kemikali nyingine kutokana na asetilini, na maji taka yake yakamwagwa baharini. Zebaki ikaingia kwenye samaki, na samaki wakaliwa na watu. Ugonjwa uliripotiwa rasmi Mei 1956: watu walitetemeka, walishindwa kutembea na kusema, watoto walizaliwa wakiwa tayari wameathirika. Hata paka wa mji walipatwa na kifafa. Kiwanda kiliendelea na njia hiyo hadi 1968.

Sasa tumlete mhusika wetu. Graham Hutchings ni mwanakemia Mwingereza aliyezaliwa 1951. Baada ya shahada ya uzamifu aliajiriwa na kampuni ya ICI mwaka 1975, na mwaka 1981 akahamia Afrika Kusini kufanya kazi na kampuni ya AECI. Afrika Kusini ina makaa ya mawe tele, na AECI ilitumia njia ya asetilini na zebaki. Kichocheo kilikuwa kinachoka, naye akaulizwa swali la kawaida la kiwandani: tutapata wapi kilicho bora?

Hapa ndipo mimi kama mtu wa kompyuta nilisimama nikasoma mara mbili. Hutchings hakuanza kwa kupima metali moja baada ya nyingine. Alianza na data ya mtu mwingine! Mwaka 1975 mtafiti wa Japani, Shinoda, alikuwa amechapisha matokeo ya kujaribu kloridi za metali zaidi ya 20 katika mmenyuko huu huu. Shinoda alizipanga kwa kipimo kimoja cha jinsi ioni ya metali inavyovuta elektroni, na grafu yake ikatoa mistari miwili. Ukiwa na mistari miwili, metali ambayo haijapimwa huwezi kuitabiria, kwa sababu hujui itaangukia mstari upi.

Hutchings alichukua namba zile zile akabadilisha mhimili mmoja. Badala ya kipimo cha Shinoda, aliweka kipimo cha volti kinachoonyesha jinsi ioni inavyopokea elektroni ndani ya maji. Mistari miwili ikawa mchirizi mmoja. Zebaki ilikaa juu kwa takribani volti 0.85. Ukiufuata mchirizi kwenda mbele, kwenye volti 1.4 na kitu, unamkuta nani? Dhahabu.

Jamani, hebu fikiria. Wakati huo dhahabu ilijulikana kama metali isiyojishughulisha na chochote. Ndiyo maana tunaivaa vidoleni bila kuota kutu. Kusema dhahabu ndiyo itakuwa kichocheo bora kuliko vyote ilikuwa kama kusema mzee anayesinzia pale kibarazani ndiye atashinda mbio za Iten. Utabiri huo ulichapishwa 1985, wakati Hutchings alikuwa ameshahamia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Huko huko, mwaka 1988, Nkosi, Coville na Hutchings walichapisha majaribio ya kichocheo cha dhahabu, pamoja na njia ya kukifufua kikichoka. Utabiri ulikuwa sahihi. Na kwa upande wake huko Japani, mwaka 1987, Masatake Haruta alichapisha matokeo kwamba chembe ndogo sana za dhahabu huchoma kaboni monoksidi hata kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0. Mzee wa kibarazani alikuwa ameamka.

Basi viwanda vikabadilika mara moja? Wapi! Karatasi ya 1985 ilikaa. Dhahabu ilikuwa ghali na zebaki rahisi. Nchi nyingi zilikuwa zimehamia njia ya mafuta. Kichocheo chenyewe kilitengenezwa kwa mchanganyiko wa asidi kali unaoyeyusha dhahabu, kitu ambacho kwenye chupa ya maabara ni sawa, lakini kwa tani nyingi ni hatari nyingine. Hutchings alikwenda Liverpool 1987, kisha Cardiff 1997, akaendelea na dhahabu.

Mambo mawili yaliitoa karatasi kabatini. La kwanza ni China, ambayo ina makaa mengi na ilijenga viwanda vingi vya PVC kwa njia ya zebaki. La pili lilitokea hapa kwetu. Februari 2009, kikao cha UNEP mjini Nairobi kilikubaliana kuanza mazungumzo ya mkataba wa kudhibiti zebaki. Mkataba ulipitishwa Japani Oktoba 2013, ukapewa jina la Minamata, na ukaanza kutumika Agosti 2017. Ndani yake viwanda vya vinili kloridi vimetajwa: vipunguze zebaki kwa kila tani kwa nusu ifikapo 2020, ikilinganishwa na 2010, na hatimaye viiache pale mbadala utakapothibitishwa kuwa unawezekana kiufundi na kiuchumi.

Mbadala ulikuwapo. Kampuni ya Johnson Matthey ilishirikiana na Hutchings kutengeneza kichocheo chenye dhahabu kidogo zaidi, bila ile asidi kali, na kufikia 2015 kilikuwa kimeingia sokoni. Kwa kuwa ni dhahabu, hakuna anayekitupa kikichoka; metali inarudishwa na kutumika tena. Halafu mwaka 2017 kundi la Cardiff likaeleza katika jarida la Science kwa nini kinafanya kazi: dhahabu imetawanyika ioni moja moja juu ya mkaa, si kwa vibonge.

Tusishangilie kupita kiasi. Kichocheo cha dhahabu hakiondoi moshi wa makaa ya mawe, wala hakisemi PVC iliyochakaa iende wapi. Na kuna kinaya kinachoniuma. Kule Migori, na ng'ambo ya mpaka Geita, wachimbaji wadogo wamekuwa wakitumia zebaki kukamata dhahabu, mara nyingi kwa mikono mitupu. Kiwandani dhahabu inaiondoa zebaki. Mgodini zebaki inaitafuta dhahabu. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa zebaki nyingi zaidi hewani duniani. Kwa hiyo mzunguko haujafungwa hata kidogo.

Funzo langu? Kuna wiki nilikaa siku mbili nikitazama kumbukumbu za seva zilizopangwa kwa saa, sioni kosa. Nilipozipanga kwa ukubwa wa faili, kosa likanikonyeza. Data ilikuwa ile ile. Hutchings alifanya hivyo kwa karatasi ya mtu mwingine, na jibu likapatikana. Lakini jibu sahihi lilingoja miaka 30 sheria, bei na kiwanda vilifikie, na muda wote huo zebaki iliendelea kutoka. Kupata jibu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili huamuliwa kwenye vikao, na kimojawapo kilikaa Gigiri.

Haya, tukutane tena. Ukiwa na swali la kemia, muulize mwalimu wako, mimi nimemaliza nilichonacho!